Siku Arobaini na Ziwa la Kushoto

Nimeulizwa habari za ziwa langu la kushoto na wanawake wengi kuliko walioniuliza habari za harusi yangu. Wananishika mkono kliniki, sokoni, hata msibani, wanaangalia huku na huku, halafu wananong'ona: "Raya, ati ni kweli lilipasuliwa? Na mwana kalinyonya tena?" Mwanzo nilikuwa naona haya. Sasa sioni. Mtoto anatambaa, mimi nimerudi kwenye kushona kofia zangu, na mabaya yamepita. Nimeona niyaandike yote mara moja, ili aliyejifungua juzi na sasa amejifunika blanketi anatetemeka kwenye joto la mchana ajue kuna mwenzake aliyelala vile vile, na leo anacheka.

Nilijifungua kwa mama, Kengeja, hapa Pemba, kama desturi yetu ilivyo kwa mimba ya kwanza. Yaani mtoto nilimzaa hospitali, mchana kweupe, salama salimini, na kesho yake nikarudishwa nyumba niliyozaliwa nikakae arobaini. Mume wangu, Faki, ni fundi mwashi, na nyumba yetu iko mwendo wa nusu saa kwa baiskeli. Kila alasiri alikuja na vumbi la saruji bado kwenye kope, anapiga hodi kwa mkwewe, anakaa kwenye kiti karibu na mlango kama mtu aliyekuja kuomba kura. Mama anampa mtoto kwa dakika kumi, kisha anamnyang'anya.

Mama yangu, Bi Mkasi, nadhani aliingojea arobaini ile tangu nilipovunja ungo. Kuni zake zilikuwa tayari, sufuria lake kubwa, kanga za mkaja za kunifunga tumbo, pilipili manga ya uji kwenye chupa. Sheria zake zilikuwa chache na hazina rufaa. Mzazi hatoki nje, hali cha baridi, hasimami kwenye upepo, hashiki sindano. Hilo la sindano liliniuma, kwa sababu nilikuwa na kofia mbili za watu hazijaisha.

Asubuhi na jioni alikuja Bi Maua, mkandaji wa mtaa wetu. Ni mtu mzima wa makamo ya bibi yangu, lakini mikono yake haijapata habari hizo. Alikuwa akitia majani kwenye maji yanayotokota, anachovya kitambaa, anakikamua, anakikandika tumboni na mgongoni mpaka naona nimeungwa upya kila kiungo. Nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja. Baada ya hapo nafungwa mkaja, nafukizwa udi, napewa uji wa moto. Sitaki nieleweke vibaya hata kidogo. Siku zile za mwanzo nilikuwa malkia, na nampa pole mwanamke yeyote aliyezaa leo akaamkia kufua.

Na mtoto! Tulimwita Ilham. Alikuwa na nywele mpaka masikioni na uso wa mtu aliyechukizwa na huduma. Nilikuwa nikimnusa utosini kutwa nzima. Harufu ile ingekuwa inauzwa, Pemba tungeacha kuchuma karafuu.

Ukweli wote lakini usemwe. Chuchu zilipasuka, na kila aliponyonya nilikuwa nikikunja vidole vya miguu. Nilikuwa nalia bila sababu. Siku moja nililia kwa sababu kuku wa mama alikuwa akimtafuta kifaranga wake, na kifaranga mwenyewe alikuwa nyuma yake. Mama akaniambia, "Lia, mwanangu, hayo ni maji ya uzazi, yaache yatoke." Nikalia zaidi, kisha nikala samaki wa kukaanga watatu.

Siku ya saba tulifanya akika, mtoto akanyolewa nywele, nyumba ikajaa. Ndipo akaja wifi yangu, Bi Time, dada mkubwa wa Faki, kutoka Makoongwe. Bi Time ana watoto sita na sauti ya kutosha watoto kumi. Aliingia chumbani na ndizi mkononi, akanikuta nimeketi kitandani, Ilham analia kidogo tu, na kanga yangu tayari imelowa mbele mpaka kiunoni. Maziwa yalikuwa yakitoka kwa kumsikia tu.

"Haa! Raya weye!" akapiga kelele. "Maziwa yote hayano? Si utanyonyesha Makoongwe nzima na ya chai yakabaki!"

Wanawake wakacheka. Mimi mwenyewe nilicheka. Mama hakucheka. Alikuwa akingojea neno moja, na neno lile halikuja. Kwetu mtu hasifu cha mwenzake akaacha kutaja Mashaallah, hasa mtoto, hasa maziwa. Bi Time aliimega ndizi yake, akambusu Ilham, akaingia kwenye habari nyengine.

"Wifi yako hakumtaja Mungu," mama aliniambia wageni walipoondoka. Alisema polepole, kama mtu anayeweka kitu kabatini atakachokihitaji baadaye.

Siku ya kumi na moja niliamka ziwa la kushoto limejaa na gumu upande wa chini. Halikuwa likiuma sana. Hapa ndipo nilipofanya kosa, na nalisema wazi kwa sababu najua wenzangu wanalifanya. Mwili mzima ulikuwa umepona kwa kukandwa, kwa hiyo nikaona na hili likandwe. Bi Maua alisita. Alisema ziwa si tumbo, akataka kuweka kitambaa cha vuguvugu tu. Mimi ndiye niliyemng'ang'ania. "Usinionee huruma, Bi Maua," nikamwambia. "Kamua kama unavyokamua mgongo." Akakandika maji ya moto, akakamua kwa nguvu, nami nikauma kanga nikijiona shujaa. Jioni nikataka tena. Kesho yake nikataka tena.

Siku ya kumi na tatu ziwa lilikuwa jekundu, linang'aa, na kuliwekea mtoto ilikuwa kama kuliwekea kaa la moto. Mchana ule nikashikwa na baridi. Nje watu wameanika karafuu kwenye majamvi, jua kali, harufu inaingia mpaka chumbani, na mimi nimefunikwa mablanketi mawili meno yanagongana. Mama alikaa ukingoni mwa kitanda akanishika paji la uso. 

"Ni jicho," alisema. "Jicho la Time."

Na mimi, niliyesoma mpaka kidato cha nne, niliyekuwa nikiwacheka wenzangu kwa mambo hayo, niliamini palepale. Nilipokuwa na homa ile nilihitaji mtu wa kumkasirikia, na Bi Time alikuwa amejileta mwenyewe. Nililala nikiikumbuka ile ndizi yake kwa chuki.

Mama alichukua kitambaa kirefu cheupe akataka kulifunga ziwa. "Lifungwe, likauke," alisema. "Mwana asilinyonye tena. Maziwa ya humo yashaharibika."

"Na likikauka?"

"Utabaki na moja. Moja lalea."

Alilisema kwa mkato, kama jambo lililokwisha. Nilikataa kufungwa. Sijui nguvu niliipata wapi, maana sikuwa na hoja yoyote. Ilham alikuwa akilipenda ziwa la kushoto kuliko la kulia. Akiwekwa kulia alikuwa akilalamika kwanza, akiwekwa kushoto anafumba macho mara moja na kuweka kiganja chake juu yake kama mwenye mali. Nilikuwa mama wa siku kumi na tatu tu, sikujua jambo jengine lolote kuhusu mtoto wangu isipokuwa hilo. Nisingekubali kumnyang'anya kitu kimoja alichokichagua mwenyewe.

Nyumba ikaingia ubaridi. Faki alisema nipelekwe hospitali. Mama akasema mzazi wa siku kumi na nne hatolewi kwenye upepo, akipooza nani atamuuguza? Faki akasema kwa adabu kwamba homa nayo inaua. Mama akasema kwa adabu zaidi kwamba homa hii imeletwa na dada yake. Mimi nilikuwa nikisikiliza ukutani. Nilimwonea huruma mume wangu, na hapohapo nilikuwa nikimkasirikia kwa kuwa na dada.

Mwishoni mama akatoa agizo. Aliyetia jicho huombwa atawadhe, na maji ya udhu wake akamiminiwa aliyedhurika. Basi Faki aende Makoongwe, akayaombe maji ya Bi Time.

"Mama," Faki akasema, "nende kwa dada'angu nkamwambie nipe maji yako, umemtia mke wangu jicho? Yuno kanilea mie."

"Nenda na chupa safi," mama akajibu.

Alikwenda. Hilo sitamsahaulia mpaka kufa kwangu. Ziwa wakati huo lilikuwa limevimba mpaka chini ya kwapa, mkono wa kushoto siwezi kuuinua, na Ilham ananyonya upande mmoja anapiga kelele kuutaka wa pili.

Kesho yake asubuhi nilisikia hodi ya Faki, halafu nikasikia sauti ambayo huhitaji kuuliza ni ya nani.

"Assalaam alaykum! Bi Mkasi, shikamoo. Nimeambiwa yatakwa maji yangu. Chupa ndogo haifai kwa jicho langu mie, nimekuja na ndoo."

Alikuwa na ndoo kweli, ya plastiki, ya buluu. Mama aliitikia marahaba kwa sauti ya chini. Nadhani alikuwa amejitayarisha kwa kila jambo isipokuwa hilo. Bi Time alikwenda uani, akateka maji, akatawadha taratibu mbele ya mama huku maji yakidondokea ndooni, akaibeba ndoo mpaka chumbani, akaiweka chini. "Nammiminia mwenyewe au mwammiminia nyie?"

Mama akanimiminia. Maji yalikuwa ya baridi, na kwa homa niliyokuwa nayo yalinifurahisha kweli. Nilipofunua kanga Bi Time aliliona ziwa. Ule mzaha wote ukamtoka usoni.

"Tangu lini?"

"Siku ya kumi na moja."

Aliligusa kwa ncha ya kidole kimoja, pembeni, pale palipokuwa laini katikati ya ugumu. Halafu akasimama, akafunga mlango, akafungua vifungo vya gauni lake, akatoa ziwa lake mwenyewe. Chini ya chuchu palikuwa na kovu refu kama kidole cha mtoto, limepinda kidogo.

"Mwana wangu wa pili," akasema. "Hilo ni jipu. Lina usaha. Bi Mkasi, kama mie nimemtia jicho, nshatawadha na maji mshamimina, Mungu anisamehe mie mdomo wangu. Lakini usaha hautoki kwa udhu. Ukiwachwa, huyu mtamkosa."

Mama hakuliangalia ziwa langu. Aliliangalia lile kovu. Aliliangalia muda mrefu mpaka mimi nikaona haya badala ya Bi Time.

"Na mwana?" akauliza. "Kalinyonya tena?"

"Kalinyonya miaka miwili. Leo yuko darasa la saba, anikimbia nikimtuma."

 Mama akainuka, akachukua buibui langu kwenye msumari, akanitupia mapajani. "Vaa," akasema, akafungua mlango. "Faki, tafuta gari."

Hivyo ndivyo nilivyotoka siku ya kumi na tano ya arobaini yangu. Jirani alituazima gari lake. Mama alinifunga kanga kichwani, shingoni, kiunoni na masikioni, akaniambia nisipumue kwa mdomo. Ilham alikuwa na wanja usoni, mvuje, ile dawa ya kunuka ya kumkinga na jicho, kwenye kitambaa mkononi, na kisu kidogo cha kinga ndani ya mkoba wake. Dereva aliuliza ile harufu ni ya nini na hakuna aliyemjibu.

Hospitali tulikaa kwenye benchi. Kama hujawahi kukaa kwenye benchi la wazazi wapya, nakwambia ni mahali pazuri kuliko jina lake. Nilikuwa na homa, kila kitu nakiona kwa mbali, lakini kulia kwangu alikuwepo msichana wa Kisiwa Panza mwenye mapacha, na pacha mmoja alikuwa akicheua juu ya mwengine bila kuomba radhi. Kushoto mwanamke mmoja alikuwa akinipepea kwa kadi ya kliniki ya mtoto wake, na hatukuwa tukijuana. Bi Time alishawahadithia wote kisa chetu, pamoja na ndoo. Benchi zima likacheka. Mama naye, kwa mara ya kwanza tangu siku ya saba, nikaona midomo yake inamponyoka.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, sauti ndogo. Aliangalia, akasema lipasuliwe leo leo. Nikamuuliza swali moja tu, lile lililokuwa likinikaba tangu kile kitambaa cheupe cha mama.

"Dokta, litanyonyesha?"

"La kulia mnyonyeshe kama kawaida, usiache. La kushoto ulikamue kwa mkono, polepole, maziwa yasisimame. Kidonda kikipoa ukaweza kuvumilia, mrudishe. Lakini ukiacha kulikamua litakauka. Hiyo ni kazi yako, si yangu."

Sindano ya ganzi iliuma kuliko kisu. Nitakachosema ni hiki tu: usaha ulipotoka, niliona raha ya kutaka kuimba. Jicho ni kweli, limetajwa katika dini, sibishani na mtu. Lakini usaha nao ni kweli, niliuona kwenye kibakuli.

Baada ya hapo siku zangu sikuzihesabu tena kwa arobaini. Nilizihesabu kwa shashi. Kila baada ya siku moja narudi, nesi anavuta shashi ya zamani kutoka ndani ya kidonda, anasafisha, anatia mpya. Shashi ya kwanza nilimwita mama kama mtoto mdogo. Ya pili nilimwita Mungu. Ya tatu, nesi alipoivuta, ikatoka imelowa maziwa. Maziwa yalikuwa yakitoka kidondani! Niliogopa nikadhani nimeharibika kabisa. Nesi akacheka akaniambia, "Ziwa lako lina haraka ya kazi." Nilikuwa sijacheka kwa tumbo tangu nizae. Nikacheka mpaka mshono wa chini, ule wa kuzalia, ukanikumbusha kwamba nao upo.

Nyumbani kulikuwa na kazi ya kulikamua. Mara nyingi kwa siku, kwenye kikombe, kidogo kidogo. Matone ya mwanzo yalikuwa ya kuhesabika, nikayalilia. Mama alikuwa akiingia, ananikuta nimeinamia kikombe, anatoka bila kusema. Hakusema nifunge tena, lakini hakusema niendelee. Nilijua anaamini najisumbua bure. Bi Time ndiye aliyenifundisha mkono ukae wapi, kwa sababu hakurudi Makoongwe. Alijikaribisha. Alilala chumba cha nyuma wiki mbili, akapika, akafua nepi za Ilham akiimba, na kila alipokiona kikombe alikisemesha: "Mashaallah, Mashaallah, nshasema mara mbili, andikeni."

Alimweka mama katika hali ngumu, maana mama hakujua aombeje radhi kwa mgeni anayefua nepi. Siku moja alimpikia mkate wa kumimina, akamwekea kipande cha kati, kile cha heshima. Bi Time akakila, akajifuta midomo. "Bi Mkasi, tumewiana radhi?" Mama akasema, "Tumewiana, mwanangu." Basi, ikaishia hapo. Niliandaliwa mimi nguo za kujifungulia kwa miezi mitatu, lakini la kuombana radhi lilichukua kipande kimoja cha mkate.

Ilham naye hakungoja ziwa langu lipone ndipo akue. Kwa hilo moja alinenepa mashavu. Siku niliyorudi kutoka shashi ya tano, nimechoka, nimekaa tu kitandani na buibui bado mwilini, nilimwinamia kumfunika, akanikazia macho na akatabasamu. Si lile tabasamu la usingizini. Alinitabasamia mimi, Raya, na kanga yangu inayonuka dawa. Nilimwita mama, nikamwita Bi Time, nikamwita Faki ambaye hakuwepo. Wakaja wakiwa na mikono ya unga. Ilham alikuwa amekwishachoka, akawakunjia uso wote wawili.

Nataka kusema jambo moja kwa anayesoma haya akiwa na ugumu kwenye ziwa. Ukiona jekundu na homa ya baridi, usingoje na usikubali mtu akukamue kwa nguvu, na usimlazimishe mtu akukamue kama nilivyofanya mimi. Nenda hospitali hata kama ni siku ya pili ya arobaini. Jifunge kanga masikioni ukitaka, beba kisu chako, lakini nenda. Uji utaukuta. Na usimkatalie mtoto ziwa zima kwa sababu ya bovu.

Arobaini yangu iliisha karafuu nazo zikiisha, majamvi yamekunjwa, mvua za vuli zimeanza kutia tope uani. Nilitolewa nje rasmi, nikapakwa hina, nikawekewa wanja, ingawa dunia nzima ilishaniona kwenye benchi. Faki alikuja na baiskeli imefutwa saruji. Tulitakiwa kwenda kwetu wiki ile. Bi Time alisharudi Makoongwe. Kidonda kilikuwa kimeziba, kimebaki kigumu kidogo, na kikombe changu kilikuwa kikijaa mpaka nusu. Mtoto bado sikuwa nimemrudisha. Niseme ukweli, niliogopa. Niliogopa maumivu, na zaidi niliogopa alikatae. Kukamua kwenye kikombe ni jambo jengine, lakini mtoto akilisusa, ndiyo imekwisha.

Ilikuwa baada ya adhuhuri. Mvua imekatika, mama anachambua mchele mlangoni, mimi nimekaa kwenye mkeka. Ilham alimaliza la kulia, akawa bado analalamika, akageuza kichwa anatafuta. Sikufikiri. Nilimgeuza nikamweka kushoto.

Alilinusa kwanza. Alilitia mdomoni, akalitoa, akaliangalia, akalia kidogo. Nikakamua tone nikampaka mdomoni. Akalishika. Maumivu yalikuja, ndiyo, nikakunja vidole vya miguu kama zamani, kisha nikasikia maziwa yanashuka, lile joto linalotoka begani, na koo lake likaanza kugonga: gu, gu, gu. Akafumba macho. Mkono wake ukapanda ukakaa juu ya kovu.

Mama alikuwa ameacha mchele. Ungo ulikuwa umeinama mapajani mwake na punje zinamwagika sakafuni, naye hakuziona.

"Kumbe lingerudi," akasema.

"Lipi, mama?"

"Langu."

Nikamwangalia. Akaweka kiganja kifuani kwake, upande wa kulia, juu ya kanga. Akaniambia jambo ambalo katika maisha yangu yote nyumba ile sikupata kulisikia. Nilipozaliwa mimi, ziwa lake la kulia lilivimba vile vile, likapasuka lenyewe, na wakubwa wakalifunga kwa kitambaa wakamwambia maziwa yameharibika, likauke.

"Likakauka," akasema. "Nkakulea weye kwa moja. Na nduguzo walipokuja, kila nikizaa lilikuwa lajaa tena, nami nalifunga mwenyewe, kwa mkono wangu. Nliogopa litawadhuru. Hapana aliyenambia."

 Machozi yalinitoka kwa ajili yake, kwa ajili ya msichana aliyekuwa yeye, amekaa kwenye chumba hiki hiki anajifunga kitambaa akidhani anaokoa watoto wake. Nikamnyooshea mkono ulio huru. Akasogea kwenye mkeka, akakaa ubavuni kwangu, bega kwa bega, akamwangalia mjukuu wake anavyovuta.

Alikaa hivyo mpaka Ilham akaanza kusinzia. Kisha akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akapiga chafya, akaniangalia kwa lile jicho lake la kawaida la kunisuta.

"Weye nlikulea kwa moja," akasema, "na mdomo wako ndo huo. Huyu wa mawili tutamuweza?"

Tukacheka wote wawili kwa nguvu mpaka Ilham akashtuka, akaliachia ziwa, akatukodolea macho. Alituangalia mmoja mmoja. Kisha akalirudia.